Kopo la unga wa "maikro-RNA": mama aache kemo?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika toka Moshi, Majengo. Mama ana kansa ya titi, kashapiga kemo mbili, nywele zimeisha na chakula hakipandi kabisa. Sasa jirani kaleta kopo la unga toka Arusha, shilingi 80,000, eti linarekebisha maikro-RNA na kansa inakauka. Mama anataka aache kemo. Hiyo dawa ipo kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Maikro-RNA yenyewe ipo, ndo maana wauzaji wameazima jina lake. Umeshaona wazee kihambani, kule kwenye shamba la migomba, wanavyogawa maji ya mfereji, mmoja anapachika kipande cha mgomba na tope kidogo maji yanapungua, akitoa yanajaa tena? Ndo kazi yake ndani ya seli, ni kauzi kafupi ka herufi kama 22 tu, kanajibandika kwenye ujumbe unaotoka kwenye jeni, protini inapungua. Wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun waliigundua kwenye kiminyoo kidogo, wakatangaza 1993, Nobel wakapewa 2024.

Kwenye kansa mgao unavurugika. Aina moja ya kansa ya damu, wagonjwa wengi wamepoteza maikro-RNA mbili, miR-15 na miR-16, zilizokuwa zinabana protini inayozuia seli kufa, basi seli mbovu zinarundikana tu haziondoki. Kwenye titi mara nyingi nyingine, miR-21, inazidi, inaziba hata jeni zilizotakiwa kuzuia uvimbe.

Kwa hiyo wanasayansi wanataka kurudisha iliyopungua na kubana iliyozidi. Wamejaribu kweli: dawa ya majaribio MRX34, yaani maikro-RNA iitwayo miR-34 iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta ikapitishwa kwenye dripu, Marekani walianza kuipima kwa wagonjwa 2013, ila 2016 wakasimamisha maana kinga ya mwili ilicharuka vibaya na wengine wakafariki. Hao ni watu waliokuwa wanapima kila hatua mwanangu, sembuse unga wa kopo! Tena maikro-RNA ukiimeza hivi hivi tumbo linaisaga tu. Mpaka leo hakuna dawa ya kansa ya namna hiyo iliyoidhinishwa, popote.

Kemo asiache, nakuomba sana. Hilo kopo mpeleke nalo kliniki ya kansa, mliweke mezani waone anachokunywa, na hiyo kichefuchefu mseme wazi, dawa za kuituliza zipo na zinabadilishwa mpaka ipatikane inayomfaa. Nunua na kipimajoto. Joto la mwili likifika 38 mkimbizeni hospitali hata kama ni saa nane usiku, msisubiri siku ya kliniki.