Nilimwona mteja wangu kwenye simu

Mmeuliza wiki hii: je, mwanafunzi wa ushauri nasaha afute programu za kutafuta wapenzi mpaka ahitimu? Swali limenigusa penyewe. Ila mimi ningeuliza hivi: akimkuta mteja wake humo, amwambie nani?

Mimi nilimkuta. Nilikuwa kwenye mafunzo ya nyanjani hapa Kisumu, miezi mitatu (mambo mengine nimeyageuza ili asitambulike). Jumapili jioni napitisha picha kwenye Tinder, mara uso wake huo: amesimama Dunga, ziwa nyuma yake, kilomita 2 kutoka nilipo. Ameandika hajaoa. Alhamisi iliyopita alikuwa amelia mbele yangu akisema anataka ndoa yake ipone. Nilimsukuma kushoto upesi, yaani nikamkataa, kisha nikakaa na simu mkononi mpaka giza likaingia. Naye ameniona? Ameiona picha yangu ya gauni jekundu, na yale maneno kwamba nimechoka kukaa peke yangu?

Alhamisi akaja. Nikamwuliza wiki ilikuwaje. Akasema nzuri, alishinda nyumbani na mama watoto. Nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Tangu siku ile sikumsikiliza tena, nilimpeleleza; kila neno lake nalipima na ile picha ya Dunga. Baada ya vikao viwili hakurudi. Hadi leo sijui kama aliniona, au alihisi tu kwamba nimebadilika.

Msimamizi wangu sikumwambia. Darasani tulikariri kwamba kanuni za wanasaikolojia wa Marekani zinakataza mapenzi na aliyekuwa mteja mpaka ipite angalau miaka 2. Mimi sikuwa nimempenda mtu. Nilikuwa nimeona tu, na niliogopa kuulizwa nilikuwa nikitafuta nini humo.

Wapo wanaosema zuia namba za wateja ili msionane humo, Tinder inaruhusu. Lakini ukiiandika namba ya mteja humo, si umeshaitoa nje ya faili lake?

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema waacheni, ni vijana, wana haki ya kupenda. Bado naamini. Lakini mdogo wangu anaanza mafunzo mwezi ujao, papa hapa mjini, na nimeona nitamwambia aifunge Tinder kwa miezi hiyo. Kisumu ni ndogo. Angekuwa Nairobi labda ningesema mengine. Na akikataa, basi amwambie msimamizi wake wiki ya kwanza kabisa kwamba yumo, kabla hajamwona mtu yeyote.