Mahindi yanajisokota saa saba mchana, ndo yanakufa?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi nalima mahindi huku Kongwa, yamefika usawa wa kiuno, mvua imekata wiki ya pili sasa. Ikifika saa saba mchana majani yote yanajisokota kama ya kitunguu, jioni yanakunjuka utadhani hakuna kilichotokea. Jirani anasema yashakufa hayo, nisipoteze hela ya mbolea. Halafu mbona yakijisokota na joto shambani linazidi, au ni mawazo yangu tu?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Salama ndugu yangu, pole na jua. Jirani kakosea, hayajafa hayo, yanabana matumizi. Jani lina vitundu vidogo mno huvioni kwa macho, ndo midomo yake, humo inaingia hewa ukaa ya kutengenezea chakula na humo humo unatoka mvuke wa maji. Udongo ukikauka homoni inatoa taarifa, midomo inafungwa, na juu ya jani kuna seli kubwa kubwa zilizojaa maji, zikinywea jani linajisokota lenyewe ili jua lipate pa kupiga padogo. Ujanja mtupu, ila una gharama maana mdomo ukifungwa hewa ukaa nayo haipiti, mmea unashinda njaa.

Joto nalo si mawazo yako. Maji yanayonyonywa na mizizi, zaidi ya asilimia 95, yanaishia hewani kama mvuke, na yakigeuka mvuke yanaondoka na joto, ndo maana chini ya mwembe kuna ubaridi ambao kibanda cha bati hakina japo vyote ni kivuli. Sasa shamba zima likifunga midomo jua lile lile linapasha udongo na hewa tu, hewa inakauka, inazidi kuyanyonya mahindi. Jaribu uone: chukua nailoni ya mkate, ile angavu, vika jani asubuhi ya siku yenye unyevu, nusu saa tu (usilisahau bana, litaungua), ndani utakuta matone. Rudia saa saba ya siku kama hizi, patakuwa pakavu au unyevu kiduchu tu.

 

Mbolea subiri mvua. Yurea ukiimwaga juu juu ikapata umande tu, sehemu yake inapotea kama amonia, ile harufu ya chooni. We pita shambani saa kumi na mbili asubuhi: yakiwa yamekunjuka bado yana nguvu, yakiamka yamejisokota hapo ndo hali mbaya, hasa kama mbelewele zinakaribia kutoka.