Isaac Clarke alipopewa sauti

Umedai kwamba mhusika mkuu wa mchezo wa video asiye na historia wala sauti humzamisha mchezaji katika hadithi kuliko yule aliyechorwa kikamilifu; mimi nakubaliana nawe nusu tu. Katika Half-Life 2 (2004), mhusika mkuu Gordon Freeman hasemi neno lolote, na mambo yanakwenda vizuri kwa sababu wengine ndio wanaobeba mazungumzo: mwenzake Alyx Vance anamtania kwamba yeye si mtu wa maneno mengi, na askari wa kituo cha treni anapoangusha kopo na kukuamuru uliokote, hasira inayokupanda ni yako mwenyewe (mimi humrushia usoni).

Hata hivyo, mfano unaoamua suala hili kwa maoni yangu ni Dead Space. Katika mchezo wa kwanza wa mwaka 2008, mhandisi Isaac Clarke huhema na kupiga mayowe lakini hazungumzi, ingawa mpenzi wake Nicole alikuwa akifanya kazi katika meli ileile ya angani ya uchimbaji anayoipekua. Wenzake wanamtuma huku na kule, naye hata hawezi kuwauliza habari za Nicole. Katika sehemu ya pili, mwaka 2011, alipewa sauti, na majuto yake juu ya Nicole yakapata uzito ambao ukimya usingeweza kuubeba. Toleo lililotengenezwa upya mwaka 2023 lilimfanya azungumze hata katika kisa kile cha kwanza, tena kwa sauti ya mwigizaji yuleyule, Gunner Wright.