Binti yangu yuko Leipzig na simu hapokei

SWALI

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Hombolo, tunalima zabibu. Binti yangu wa tatu alimaliza shahada ya kwanza UDOM, akapata nafasi ya kusoma uzamili Leipzig, Ujerumani. Aliondoka mwishoni mwa Septemba. Ili apate viza, baba yake alitoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake na tukauza ng'ombe, tukaweka benki zaidi ya yuro 11,000. Wiki za kwanza alikuwa akipiga kila siku. Sasa ni Novemba. Nampigia alfajiri, saa kumi na moja, kabla sijaenda shambani, hapokei. Akipiga yeye tunaongea dakika tatu, kamera kaizima. Juzi kaniambia hana hela ya kula. Hela zile zimekwenda wapi? Wifi yangu anasema mtoto ameshaharibika. Nilitaka kumtumia nyama kavu, samli na mlenda, angalau ale chakula cha kwao. Au nimwambie arudi?

Mama wa Hombolo

JIBU

Shikamoo mama. Mbukwenyi hapo Hombolo. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana huyo binti nilikuwa mimi. Nilitoka hapa Dodoma nikiwa na miaka 26, nikaenda kusoma Bayreuth, nchi hiyo hiyo. Mama yangu alikuwa Chamwino na alinipigia alfajiri kama unavyofanya wewe. Kwa hiyo naanza na simu.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ujerumani hurudisha saa nyuma. Binti yako alipoondoka, tofauti ya saa kati yenu ilikuwa moja. Sasa ni mbili. Saa kumi na moja yako ya alfajiri, kwake ni saa tisa ya usiku. Hajakukimbia, mama, amelala. Na ukimpigia saa mbili usiku mkishakula, kwake ni saa kumi na mbili jioni. Huenda yuko maktaba au ndani ya tramu. Lakini ukimwona gizani usidhani ni usiku wa manane. Ikifika Disemba, jua la kule huzama hata saa kumi jioni haijafika. Sisi tuliozoea jua la Dodoma la mwaka mzima, jambo hilo linatuingia mwilini. Mwezi wangu wa kwanza wa baridi nilikuwa naamka nimechoka, nalala nimechoka, nikajua ninaumwa. Sikuwa naumwa. Nilipoanza kujilazimisha kutembea nje kila siku saa sita mchana, mvua isiponyesha, nilipata nafuu. Mwambie afanye hivyo.

Sasa hela. Hapa naomba baba yake naye asikie, kwa sababu lawama za fedha ndizo zinazomfunga mtoto mdomo. Ile pesa mliyoweka haiko mikononi mwake. Imewekwa kwenye akaunti iliyofungwa. Kiwango kinachotakiwa tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, na akaunti hiyo humtolea yuro 992 tu kwa mwezi, hata kama ana shida ya elfu mbili. Tena ili fungu la kwanza litoke, anahitaji akaunti ya kawaida ya kupokelea, na mara nyingi benki humtaka kwanza aoneshe karatasi ya kuandikisha makazi yake katika ofisi ya mji. Miadi ya ofisi hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Katikati ya hapo mwenye nyumba anataka kodi na dhamana, na sheria ya kule inamruhusu kudai dhamana inayofika kodi ya miezi mitatu. Bima ya afya ni lazima, na mwanafunzi anailipa kila mwezi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na maelfu benki na siku hiyo hiyo akala mkate mkavu. Hakukudanganya. Muulize hivi: "Fungu la kwanza limeshatoka?" Utasikia sauti yake ikibadilika, maana atajua umeelewa.

Anaweza pia kufanya kazi. Sheria inamruhusu siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Hiyo ni ya kujazia chakula na kodi. Kama kuna mjomba ameanza kuagiza simu, mzuie wewe mwenyewe leo, kwa sababu yeye hawezi kumkatalia mjomba. Nimewaona wenzangu wakifeli muhula kwa kubeba masanduku ghalani usiku ili watume hela nyumbani.

Kuhusu kuharibika. Mama, nikusimulie jambo moja. Nilikaa hosteli, watu sita, jiko moja. Siku moja jioni nikapika ugali na mlenda nilioubeba kutoka nyumbani, na usiku nikaiacha sufuria sinkini imelowa, kama tunavyofanya wote hapa ili ukoko ulainike. Asubuhi nikakuta karatasi mlangoni mwa friji: "Tafadhali osha sufuria yako. Asante." Na chini yake jina la msichana wa chumba cha jirani. Nilitetemeka. Kwetu mtu akikuandikia karatasi badala ya kukuambia, ugomvi umeshakuwa mkubwa. Nikakaa siku nne bila kuingia jikoni wakiwemo. Nilikuwa nakula biskuti chumbani na mama akinipigia nasema nimeshiba, kamera nimeizima ili asione macho yangu. Siku ya tano yule yule msichana akanigongea, akaniuliza kama nina chumvi, na akataka kujua ile mboga ya kuvutika ni nini. Karatasi alikwishaisahau! Kule kulisema jambo waziwazi, kuweka jina lako na kushukuru ndiyo adabu yao ya kuishi pamoja. Mimi nilikuwa nimehesabu chuki isiyokuwepo.

Darasani nako kuna kama hilo. Mimi niliyelelewa kutomjibu mkubwa nilikaa semina nzima nikinyamaza, nikidhani ninaheshimu. Mhadhiri alidhani sijasoma. Kama binti yako hajaanza kuongea darasani, mpe ruhusa wewe. Mwambie mama kasema umpinge profesa kwa adabu. Utashangaa neno la mama linavyofungua koo.

Na kuna swali moja la masomo ambalo ukimuuliza utakuwa umemsaidia kuliko chakula: "Umejiandikisha mitihani?" Kule kusajiliwa chuoni hakutoshi. Katika vyuo vingi kila mtihani una usajili wake na tarehe yake ya mwisho, na ikipita, huruhusiwi kuufanya hata kama ulihudhuria vipindi vyote. Mitihani mingi ya muhula huu huja kuanzia Februari, lakini usajili hufunga mapema. Na akikuambia amepata 1.3, msishtuke wala baba yake asikumbuke GPA za kwetu. Kule 1.0 ndiyo ya juu kabisa, na ya chini ya kufaulu ni 4.0.

Upweke wake una dawa pale pale Leipzig. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, katika masomo yao ya Afrika. Wanafunzi wa Kiswahili wanatafuta mtu wa kuongea naye kuliko yeye anavyowatafuta wao. Wanaita tandemu: saa moja mnaongea lugha yako, saa moja ya kwao. Mimi huyo mwenzangu wa tandemu ndiye aliyenisomea barua zote za ofisi na za bima, barua ambazo nilikuwa nazirundika chini ya kitanda kwa kuogopa. Nami nilimrekebisha "shikamoo" aliyokuwa akiwaamkia nayo hadi wanafunzi wenzake.

Kumrudisha? Hapana, si sasa. Miezi hii ndiyo migumu kuliko yote itakayokuja. Lakini nitabadili jibu langu kama ataacha kwenda vipindini wiki baada ya wiki, halali, au anazungumza kama mtu asiyetaka kuwepo. Hapo usingoje. Mwambie siku hiyo hiyo aende kwa washauri wa wanafunzi. Vyuo vya kule wanao, na kwenda kwao hakumharibii masomo wala viza.

Mpigie Jumapili saa kumi jioni ya Hombolo. Kwake itakuwa saa nane mchana, maduka karibu yote yamefungwa nchi nzima na watu wako ndani. Usianze na "umezoea?" Hilo swali lina jibu moja tu, na ni la uongo. Mfungulie kamera mkiwa shambani, aone mizabibu, asikie mbwa na wadogo zake wakigombana. Mwache akae hapo kwenye simu hata asiposema kitu.

Nyama kavu na samli usitume. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu mtu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, iwe kwenye begi au kwa posta. Samli yangu ilichukuliwa mbele ya macho yangu uwanja wa ndege, na niliililia kama mtoto. Mlenda mkavu na karanga za kukaanga vilipita. Ukipata mtu anayesafiri, usage mlenda laini na uutie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kusokota. Wangu nilifunga kwenye karatasi, ukamwagika kwenye sweta zote.