Sukari ya kichanga wangu imefika 14, ni kisukari?

SWALI: Dokta shikamoo, mwanangu ana siku tisa. Aligoma kunyonya, mwili ukawa wa baridi na analegea tu, tukakimbilia hospitali wakasema maambukizi yameingia kwenye damu. Sasa kila wakimtoboa kisigino sukari inasoma 14, na mama mkwe anasema ni vile vitu vitamu nilivyokula nikiwa na mimba. Ana kisukari? Niache kunyonyesha?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Nianze na hilo la vitu vitamu maana najua ndo linakunyima usingizi: hapana, haya hujamletea wewe, na maziwa yako hayana kosa.

Mwili wa kichanga ukipigana na maambukizi makali unamwaga homoni kama adrenalini, ini linatoa sukari kwa wingi na hapohapo insulini, homoni ya kushusha sukari, inashindwa kufanya kazi yake vizuri, halafu ongeza na dripu ya glukosi, yaani sukari, anayowekewa kwa sababu hanyonyi, basi sukari inajaa kwenye damu. Kwa kichanga ikipita 8 hivi (kwa kipimo cha mmol/L) tunasema iko juu, kwa hiyo 14 si ya kupuuza. Ikizidi inatoka na mkojo na kuvuta maji ya mwili, ndo maana utaona nesi anapima nepi kwenye mzani kabla ya kuitupa.

Dawa kubwa ni antibayotiki. Dripu wanaipunguza ukali lakini hawaikati kabisa, ubongo wake unahitaji sukari, na ikigoma kushuka wanampa insulini kidogo mno huku wanapima mara kwa mara, maana sukari kushuka ghafla nayo ni hatari sana. Visigino vitakuwa na alama za sindano, najua inauma kuangalia. Ila ukiona wanachukua damu mkono uleule wenye dripu, uliza kwa upole, maana glukosi ya dripu ikichanganyika humo kipimo kinadanganya.

Kisukari cha kuzaliwa kipo ila ni nadra mno. Tunakifikiria pale maambukizi yameisha, dripu imetoka, na sukari bado iko juu, hapo omba vipimo vya jeni. Wengi inashuka maambukizi yakidhibitiwa.

Kunyonyesha usiache mama, kamua kila baada ya saa tatu, usiku pia, na uliza lini wataanza kumpa maziwa yako kwa mrija.