Maswali yenu: tofali linalotema vipande na kigae cha Mangalore

Nilinunua matofali ya kuchoma Magu, mazuri kabisa. Mvua mbili tu, yanabanduka, na kila kishimo kina kitone cheupe.

Hicho kitone ni chokaa. Udongo wa mbugani mara nyingi huwa na vijiwe vyake, na mfyatuaji asipovitoa huingia ndani ya tofali. Tanurini kijiwe huungua kikabaki kikavu chenye kiu. Kikipata unyevu hunywa maji, huvimba, na kusukuma uso wa tofali nje.

Kabla ya kufyatua, kamulia ndimu kwenye bonge la udongo: likitoa povu, chokaa ipo. Uponde ukiwa mkavu, uchekeche kwa wavu wa milimita 2. Kama matofali yameshachomwa, yazamishe majini mara yanapopoa, mpaka viputo viishe. Chokaa hulainika ikawa uji. Yaliyokwisha kujengewa hayana tiba ya maana, na plasta juu yake itatumbuka vilevile.

Nitajuaje udongo unafaa?

Fyatua tofali moja, chora mstari wa sentimita 20 lingali bichi, likaushe kivulini. Mstari ukibaki 18.5 au 19, endelea. Ukishuka chini ya 18, ongeza mchanga, la sivyo nyufa.

Tanuri langu liko karibu na ziwa. Upande mmoja matofali yameungana, mwingine mabichi.

Ni upepo. Mchana huvuma kutoka ziwani, na midomo inayoutazama hula kuni upesi. Izibe nusu kwa bati, kandika tope pande zote. Na usianze na moto mkali: siku ya kwanza ni ya kufukuza maji tu, maana mvuke uliobanwa hupasua tofali.

Paa la duka letu la zamani hapa Mwanza lina vigae vilivyoandikwa Mangalore. Ni vya wapi?

India. Kigae cha aina hiyo, cha kushikana kwa mifereji, kilibuniwa na ndugu wa Gilardoni huko Altkirch, Alsace, Ufaransa, wakakipatia hataza mwaka 1841. Misheni ya Basel, ya wamisionari kutoka Uswisi, ilifungua kiwanda Mangalore mwaka 1865, na vigae vya mji huo vikavuka bahari hadi pwani yetu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 lakini Mwanza mwaka 1928, kwa hiyo kabla ya hapo mizigo mizito iliingia mjini kwa meli za ziwani. Ukitafuta cha kuziba pengo, beba kigae chenyewe: mifereji ya viwanda viwili mara nyingi haishikani.