Kabla hamjanunua mashine za kubangulia korosho, someni hapa

Mkuu, umesema mko vijana wa Newala mnaoishi Dar, mmechanga hela, na mnataka kuwanunulia akina mama wa kijijini kwenu mashine za kubangulia korosho. Unauliza zipi zinafaa. Mimi niko huku huku, nimekuwa katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, misimu kadhaa, na kikundi cha mke wangu kinabangulia uani kwetu. Ushauri wangu ni kwamba mashine zisubiri. Hela hiyo iwe ya kununulia korosho ghafi.

Kikundi cha pale nyumbani kilipewa mashine na mfadhili, zile za kukanyaga kwa mguu, na ni nzima mpaka leo. Msimu ukifunguka Oktoba wanabangua vizuri. Ikifika Februari zimefunikwa turubai, kuku wanatagia chini yake. Wapita njia husema akina mama wavivu. Uvivu uko wapi hapo? Korosho zimekwisha, zimeshapanda meli.

Tangu msimu wa 2007/08 huku tunauza kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka AMCOS, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinapigwa mnada. Binafsi nautetea mfumo huu, maana kabla yake mchuuzi alikuwa anakupangia bei mlangoni kwako. Lakini mnada unauza mzigo wa matani na matani, na anayenunua ana hela ya kujaza makontena. Kikundi chenye akiba ya kwenye sanduku la vikoba kitaingilia wapi? Na msije mkawashauri wanunue kwa majirani jioni kwa bakuli. Hiyo ni kangomba, ni kosa, na mzigo ukikamatwa umekwenda. Njia halali ni kwenda mapema Bodi ya Korosho pale Mtwara mjini na kwa afisa ushirika wa wilaya, mkaulize wabanguaji wadogo wanapataje kibali na mzigo kwa msimu huo, kwa sababu taratibu hubadilika.

Bei nayo haitabiriki. Mnakumbuka Novemba 2018, wanunuzi walitaja bei ndogo, Rais Magufuli akazikataa, serikali ikatangaza 3,300 kwa kilo. Kwa mkulima ilikuwa habari njema. Kwa mbanguaji aliyepanga bajeti yake kwa bei ya chini, hesabu yote ilivurugika. Kwa hiyo msipige hesabu ya kubana, acheni nafasi.

Sasa hesabu yenyewe. Kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, inatafuna kilo nne hadi tano za ghafi, na hapo zimekauka vizuri na mbanguaji ana mkono mzuri. Iliyovunjika bei yake inashuka sana, kwa hiyo faida yote iko kwenye nzima. Nimemwona mama mmoja pale uani anabangua huku akipiga soga, na kila punje inatoka nzima. Aliyekaa kando yake, mashine ile ile, nusu ya ndoo ni vipande. Mafunzo ya namna hiyo SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wanatoa, ila mwalimu mkubwa ni kubangua kila siku, na huwezi kubangua kila siku kama mzigo unaisha Januari. Mafuta ya ganda nayo yanababua vidole. Glavu zikikosekana wanajipaka majivu. Pelekeni glavu, ni hela ndogo.

Kitu ambacho watu wa mjini huwa hawakiwazi ni maji. Korosho inachemshwa kwa mvuke kabla ya kubanguliwa, na juu ya tambarare yetu ya Makonde maji ni ya kununua kwa ndoo, hasa miezi ya kiangazi kabla mvua hazijaanza. Tangi la kuvuna maji ya bati lingewasaidia kuliko mashine ya pili.

Wapo watakaokwambia tatizo la kijiji ni unyago na bodaboda, kwamba hela ya korosho ikiingia inachezewa ngoma mpaka iishe. Wanaosema hivyo wengi wao wana hela inayoingia kila mwezi. Mtu anayelipwa kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, huku ana madeni ya tangu Aprili, mngemuona anafanyaje?

Kwa mtaji zaidi kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kina katiba na akaunti. Ombeni mapema, maana mkopo ukitoka Machi hauna korosho ya kununua.

Na ninyi mlioko Dar msiishie kuchanga. Mzigo ukishafungwa unauzwa wapi? Kijijini hakuna wa kununua, kila nyumba inazo. Mmoja wenu achukue kazi ya kutafuta maduka na kufuatilia alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Bila hivyo akina mama watauza kwa abiria stendi kwa bei ya abiria.

Mkitaka kuanza msimu huu, hela iwe kwenye akaunti ya kikundi kabla Septemba haijaisha, na kibali kiwe kimeshaombwa. Ikishindikana, anzeni na tangi, korosho ghafi muipangie msimu ujao.